Motokaa Mbili za Watu

Neno Volkswagen, kwa Kijerumani, maana yake ni motokaa ya watu. Ni jina zuri. Lakini msomaji akiniuliza ni motokaa gani iliyostahili kwanza kuitwa hivyo, nitamjibu kuwa ni Ford Model T ya Marekani, iliyoanza kuuzwa mwaka 1908.

Kuiendesha kulikuwa na taabu. Injini iliwashwa kwa kuzungusha mpini wa chuma, na mpini huo uliweza kurudi kwa nguvu ukamvunja mtu mkono. Petroli ilishuka yenyewe kutoka tangi lililo chini ya kiti. Basi ilipopungua, dereva alipanda mlima mkali kinyumenyume! Walakini bei yake, iliyokuwa dola 850 hapo kwanza, ilishuka hata chini ya dola 300, na mkulima akaweza kuinunua na kuitengeneza mwenyewe.

Volkswagen ile yenye mgongo wa kobe ilikuwa bora kwa mwendo, sibishi. Injini yake ilipozwa kwa upepo, haikutaka maji. Katika nchi ya jua na vumbi hilo si jambo dogo, na mwaka 1962 ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki. Lakini tazama ilivyozaliwa. Serikali ya Hitler iliwahimiza Wajerumani waweke akiba ya marki 5 kila juma ili waipate. Maelfu kwa maelfu wakaweka. Vita vilipozuka mwaka 1939, kiwanda kikageuzwa kuwa cha kuunda vyombo vya jeshi, na katika wenye akiba wale hapana hata mmoja aliyekabidhiwa motokaa yake.