Meza Isiyopanda Lori

Katika darasa letu la ubunifu wa mitindo hapa Nairobi, swali la kwanza si kitambaa gani, wala mteja ni nani. Swali ni: "Dhana yako ni gani?" Ukikosa jibu, umekwisha. Basi sote tumejifunza kulijibu. Tunashona rinda, tunalivalisha dami, halafu tunabandika kando yake karatasi yenye aya mbili kuhusu utambulisho, kumbukumbu na mwili. Mwili wenyewe haupo, isipokuwa kwenye hiyo karatasi.

Mwaka jana hizo karatasi zilianza kunichosha, pamoja na zile nilizoandika mwenyewe. Ndipo nikarudi kwenye video ambayo kila mwanafunzi wa mitindo huonyeshwa angalau mara moja: onyesho la Hussein Chalayan liitwalo Afterwords.

Kwa ambaye hajaliona: ni Februari 2000, katika ukumbi wa Sadler's Wells, London. Jukwaani pametengenezwa sebule nyeupe yenye viti vinne na meza ya mbao ya duara. Mwishoni wanawake wanne wanaingia, wanavua vitambaa vya viti na kuvivaa. Kumbe yalikuwa marinda. Viti navyo vinakunjwa, vinakuwa masanduku ya safari. Kisha mwanamke mwingine anaingia katikati ya meza, anaivuta juu, na duara moja baada ya jingine zinainuka mpaka kiunoni. Meza imekuwa sketi. Wanaondoka, na sebule inabaki tupu.

Chalayan alizaliwa Nicosia, katika kisiwa cha Cyprus, mwaka 1970, katika familia ya Waturuki wa huko. Miaka minne baadaye kisiwa kiligawanyika. Onyesho lile linawahusu watu wanaolazimika kuhama ghafla: unachukua nini, unakificha wapi? Darasani tulifundishwa kusifu ufundi wake, na kwa kweli unastahili sifa. Lakini nilipoitazama mara ya tatu, nyumbani, Mama alikuwa ameketi kando yangu akichambua maharagwe.

Januari 2008 tulitoka Burnt Forest usiku. Nilikuwa na miaka sita. Mama alivaa marinda matatu, moja juu ya jingine, akavaa na sweta. Vyeti vyetu vya kuzaliwa na hati ya shamba alivifunga ndani ya leso kiunoni. Mimi nilivalishwa sare ya shule chini ya nguo za kanisani, jua lilipochomoza nikaanza kulia kwa joto. Hatukupiga picha. Hakuna aliyeuliza dhana yetu ni gani.

Mama aliwatazama wale wanawake wanne wakivaa vitambaa vya viti na akaacha kuchambua maharagwe. Hakusema kitu. Yule wa meza alipoanza kutembea kwa hatua ndogondogo, akacheka.

"Huyo hawezi kupanda lori," akasema. Kisha, baada ya kimya: "Mimi meza niliiacha."

Nimesoma maelezo mengi kuhusu sketi ile na hakuna lililonifunza kama sentensi hizo mbili. Mpaka siku hiyo nilikuwa nimeamua kwamba meza ndiyo kasoro ya onyesho. Vitambaa vya viti vina akili: mtu anaweza kuvivaa akakimbia. Sketi ya mbao niliiona kama kiini macho cha kupigiwa makofi, kwa sababu mvaaji hawezi kuketi, hawezi kupita mlangoni vizuri, wala hafiki mbali. Mama aliona hayo yote kwa sekunde tano, ila yeye hakuyaita kasoro. Meza aliyoiacha ilitengenezwa na fundi wa kule kwetu, na bado huitaja kila tunapokula. Sketi ya Chalayan ni ya vitu vya namna hiyo, ambavyo havibebeki na bado mtu anaendelea kuvibeba. Hilo hukuhitaji kusomewa. Lilionekana katika hatua za yule mwanamke, katika jinsi alivyoacha kutembea kama mwanamitindo.

Hiki ndicho kipimo changu sasa. Ondoa karatasi. Je, mwili wa anayevaa bado unasema kitu ambacho usingesema bila nguo hiyo?

Nguo za Rei Kawakubo za msimu wa kiangazi wa 1997 zinafaulu. Mbunifu huyu, aliyeanzisha Comme des Garçons jijini Tokyo mwaka 1969, alitengeneza magauni ya kitambaa kinachovutika, mengine ya mirabaraba kama kitambaa cha meza ya hoteli, akayajaza vifuko vya manyoya kwenye nyonga, mgongo na mabega. Watu walisema yanafanana na uvimbe. Baadhi ya majarida yalipiga picha magauni yale baada ya kuondoa vile vifuko, yaani yaliondoa wazo lenyewe yakabakisha nguo. Mwaka huohuo Merce Cunningham aliyatumia mavazi ya namna hiyo katika dansi yake Scenario. Mchezaji ambaye mgongo wake umebadilika ghafla hana budi kutafuta upya mahali pa kusimamia. Ukimtazama, unaanza kujiuliza ni nani aliyekuambia nyonga inapaswa kuishia wapi.

Mjadala wa kama mitindo ni sanaa hutumalizia nusu muhula. Jumba la Metropolitan la New York lilimfanyia Kawakubo maonyesho makubwa mwaka 2017, ilhali yeye mwenyewe amekuwa akikataa kuitwa msanii. Namwelewa. Sanamu ikishamalizwa, inajitosheleza. Nguo inasubiri kwapa, jasho, na mtu atakayeinama kufunga kamba za viatu. Leso yenyewe tunaijua: jina lake limechapishwa wazi, lakini linachoma au halichomi kutegemea nani ameivaa, na amepita mbele ya mlango wa nani.

Sasa nikiri langu. Baada ya siku ile niliamua kazi yangu ya kumalizia masomo iwe marinda matatu ya Mama. Mwalimu alifurahi mno, akasema dhana imeiva. Nikayashona, nikayavalisha dami, nikaandika karatasi ya kumtoa mtu machozi. Nilipotazama, niliona rundo la mitumba lenye maelezo mazuri. Nikamwomba Mama ayavae, nimpige picha.

"Sivai hiyo tena," akasema. Akarudi jikoni.

Nilikasirika kidogo, halafu nikaona aibu. Wale wanawake wa Sadler's Wells walikuwa wanamitindo kazini. Hapo ndipo ubunifu wa kidhana unapaswa kuulizwa swali gumu: mwili unaoutumia ni wa nani, na amekubali? Chalayan hakumleta mkimbizi jukwaani atuonyeshe anavyovaa. Nadhani hiyo ni sehemu ya heshima ya kazi yake, ingawa darasani hatukuwahi kuizungumzia.

Basi niliyavaa mwenyewe, yote matatu, nikapanda matatu kuja shuleni. Nilikuwa nimeyakata kwa kipimo kimoja. Kufika stejini sikuweza kuinua mkono kushika chuma, mishono ya makwapa ilikuwa imenikaba, na kondakta akaniuliza kama ninaumwa. Jioni nilimweleza Mama. Akanitazama kama fundi anavyomtazama mwanafunzi asiyejua kushika makasi.

"La juu huwa kubwa," akasema. "Mimi la juu lilikuwa la shosho yako."

Hilo halikuwa kwenye karatasi yangu. Nimefumua mikono ya lile rinda la tatu, naipanua. Karatasi nimeibandua.