Kusikiliza kwa Kidole Gumba

Sisi tunaoandika uchambuzi wa fasihi ya Kiswahili tuna tabia moja ambayo leo naomba tuizungumze. Mtu akitaka kuandika juu ya nyimbo za dansi, anakaa na kalamu, anayanakili maneno, anayapanga beti kwa beti kama shairi, halafu anaanza: dhamira, taswira, tamathali, ujumbe kwa jamii. Ni kazi nzuri, na nimejifunza mengi humo. Lakini ukimaliza kusoma unabaki kujiuliza, jamani, gitaa limekwenda wapi? Wimbo una dakika saba, maneno yake yamechukua tatu. Hizo nne zilizobaki zilikuwa hazisemi kitu? Mchambuzi kazimaliza kwa neno moja ndani ya mabano, "muziki", kisha karuka ubeti unaofuata.

Hata ugomvi wetu mkubwa kuliko yote wa umiliki wa wimbo, ule wa "Malaika", umekwenda hivyohivyo. Wapo wanaosema ni wa Fadhili William, aliyeurekodi Nairobi, na wapo wanaomtaja Adam Salim. Watu wamebishana juu ya maneno, juu ya sauti, juu ya nani alimpenda nani. Mimi sijamsikia hata mmoja anayegombea gitaa. Kana kwamba gitaa lilikuja lenyewe, kama kiti cha kukodi kwenye harusi.

Niseme mapema kwamba mimi si mpigaji. Nina gitaa kavu, lile ambalo wazee wanaliita galatoni. Jina hilo, kwa wasiojua, limetoka kwa Gallotone, chapa ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini. Magitaa hayo ya bei nafuu yalienea sana, na moja lilifika mpaka Liverpool mikononi mwa kijana John Lennon, likawa gitaa lake la kwanza. Langu mimi limefika Sinza, na kazi yake ni jioni baada ya chakula, nusu saa, mlango umefungwa. Sipigi ukumbini wala kanisani. Napiga kwa sababu nimegundua kwamba kupiga vibaya kunanifundisha kusikiliza vizuri, na hili ndilo ninalotaka kulitetea hapa.

Chukua "Masanga" ya Mwenda Jean Bosco. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka sana Afrika na mashine yake akikusanya muziki, alimrekodi kijana huyu katika mji wa Jadotville, Katanga, ambao leo unaitwa Likasi. Mwenda alizaliwa 1930, kwa hiyo alikuwa na miaka ishirini na kidogo tu. Alikuwa Myeke, wa jamii ile ambayo katikati ya karne ya 19 Msiri aliijengea dola huko Katanga, akitokea Usumbwa, magharibi ya Tanzania ya leo. Na aliimba kwa Kiswahili, hiki cha Katanga, ambacho mtu wa Tanga akikisikia anacheka kwanza, halafu anatulia, halafu anaelewa. Kwa hiyo tusimtazame kama jirani wa fasihi yetu. Yumo ndani ya nyumba.

Sasa sikiliza anachofanya. Mtu mmoja, gitaa moja, mkono wa kulia anatumia vidole viwili tu: gumba na cha shahada. Hakuna ngoma wala besi. Lakini ukisikiliza mara ya kwanza utaapa kwamba wako wawili. Chini kuna mmoja anatembea taratibu na shughuli zake, juu kuna mwingine anamzungukia, anamtangulia, anamsubiri, anamcheka. Sehemu fupi inazunguka na kurudi, inazunguka na kurudi, na wewe unajiambia haya, nimeshaijua. Lakini wapi! Kila ikirudi kuna kitu kimehama. Sauti iliyokuwa mbele imeingia nyuma ya pigo, pale palipokuwa na nota mbili sasa iko moja na pengo. David Rycroft, mtaalamu wa muziki, alikaa akaandika nota za upigaji wa Mwenda katika jarida la African Music mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kichwa alichochagua kiliutaja ubunifu wa papo kwa papo. Alikuwa sahihi. Ukitaka kuiandika "Masanga" kwa haki lazima uandike kila duru peke yake, kwa sababu kila duru ni tungo yake.

Hayo yote niliweza kuyasoma. Ambalo sikuweza kulisoma ni mahali pa kukanyaga mguu. Ukiwa msikilizaji tu, mguu unakwenda wenyewe, huuulizi. Ukishika gitaa ukajaribu kupiga sehemu ya gumba peke yake, mguu unakubaliana nayo. Halafu piga ya shahada peke yake, mguu unakubali pia, ila umekanyaga mahali pengine! Ziunganishe zote mbili sasa, uone mguu unavyobaki hewani kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni. Siku ile nilipofika hapo (ilinichukua miezi, sitadanganya) ndipo wimbo ulipofunguka. Utamu wake unakaa hapohapo, katika kutokuamua nani kati ya vidole viwili ndiye mwenye nyumba. Tangu hapo siwezi tena kuusikia kama gitaa moja.

Jirani yangu, mzee aliyecheza sana dansi enzi zake, alinisikia siku moja kupitia dirishani. Akaita: "Mwanangu!" Nikaitika. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Hivi unawahi wapi?" Akaenda zake. Huo ndio uchambuzi bora wa upigaji wangu uliopata kutolewa.

Wapo waliofunga safari kabisa kwa ajili ya jambo hili. John Low, Mwingereza mpigaji gitaa, alikwenda mpaka Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, kuwatafuta Mwenda, Losta Abelo na Edouard Masengo, akajifunza kwao, akaandika kitabu kilichotoka 1982 kiitwacho Shaba Diary. Ninachokipenda katika njia yake ni kwamba alikwenda kama mwanafunzi mwenye gitaa, si kama mtu mwenye dodoso. Maswali ya mwenye dodoso huishia kwenye maneno: wimbo unahusu nini, ulitunga lini. Mwenye gitaa anauliza: hiki kidole unakipeleka wapi? Na mzee anamwonyesha. Mwenda alifariki 1990. Sisi wenye lugha yake, ni nani kati yetu aliyekwenda na gitaa?

Tuingie kwenye bendi, maana huko ndiko wengi wetu tulikolelewa. Gitaa la dansi si mtu mmoja tena. Ile kazi ya gumba na shahada imegawanywa: besi chini, ridhimu katikati, solo juu. Mbaraka Mwinshehe alikuwa mtunzi, mwimbaji na mpiga solo, kwanza na Morogoro Jazz, kisha na Super Volcano aliyoianzisha 1973, hadi ajali ya gari ilipomchukua Mombasa Januari 1979. Ukimsikiliza na kalamu ya mashairi mkononi, unapata nusu ya mtu. Anaimba mstari, anaacha nafasi, na gitaa lake linaingia kwenye nafasi ile. Kwa lugha yetu ya ushairi ningesema sauti inatoa ukwapi na gitaa linatoa utao. Wazo hili nimelipenda sana, lakini naomba lisichukuliwe kwa uzito kupita kiasi. Utao wa shairi hukamilisha maana. Gitaa la Mbaraka mara nyingi linaichelewesha.

Hapa kuna msomaji atanikatiza: gitaa halina maneno, litakuwaje fasihi? Swali halali. Kuna lugha za Afrika ambazo kupanda na kushuka kwa sauti hubeba maana ya neno, na huko ala inaweza kweli kuiga usemi, watu wakaelewa ujumbe wa ngoma. Kiswahili hakimo. Chetu kina mkazo tu, nao unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: so-ME-ni, ki-TA-bu, na-ku-PE-nda. Basi sikiliza solo za dansi ya Kitanzania uone vishazi vyake vinavyoishia. Kwa sikio langu, mara nyingi vinatua vilevile: nota moja nzito kidogo, kisha moja nyepesi ya kuangukia. Hiyo si maana ya kamusi, lakini ni lafudhi. Gitaa lile lina lafudhi ya Kiswahili, na mtu asiyejua lugha hii anayeigiza nota zilezile kutoka kwenye karatasi huishia kwenye nota nzito, akaiacha ile nyepesi ikifa. Tunahesabu mizani bila aibu, tunajadili vina ukurasa mzima. Mizani nayo haina maneno.

Kisha kuna hoja ya pili, ngumu zaidi. Inasemwa kwamba magitaa yanapunguza ukali wa maneno, kwamba wimbo wa huzuni ukichezeka umekuwa burudani. Remmy Ongala ndiye wa kujibu. Alizaliwa Kindu, Kongo, akaja Tanzania 1978 kwa ajili ya Orchestra Makassy, na baadaye akawa ndiye Super Matimila mwenyewe mbele za watu. Wimbo wake "Kifo" umo katika albamu ya Songs for the Poor Man ya 1989. Mada ni hiyohiyo ya jina lake. Na unachezeka! Magitaa yanazunguka, matamu, hayana haraka, hayalii hata kidogo. Nimesoma watu wakiliita jambo hili mgongano, wengine kejeli. Mimi nasema msikilize tena huku ukipiga mwenyewe ile sehemu ya ridhimu, rahisi tu, mikao michache ya vidole. Dakika ya kwanza unapiga wimbo. Dakika ya nne mkono unauma na ile sehemu haijali. Inarudi. Mwimbaji analalamika, anauliza, anasihi, na ridhimu inarudi vilevile, haina kisa na mtu. Ndipo nilipoelewa gitaa linaigiza nani katika wimbo ule. Halimpunguzii mwimbaji uchungu. Linacheza sehemu ya yule anayeimbwa.

Usomaji huo hauwezi kuupata kwenye karatasi ya maneno. Nathubutu kusema hata kwa kusikiliza tu ungechelewa, kwa sababu msikilizaji hachoki mkono.

Na ndiyo maana redio zinaniudhi. Enzi za sahani za santuri, wimbo mrefu uligawanywa pande mbili. Upande wa kwanza maneno, ukigeuza unakuta magitaa yamechemka. Kwa hiyo hata santuri yenyewe ilikuwa inakiri kwamba chemko ni nusu ya kazi. Sasa washa kituo chochote Jumapili mchana, kipindi cha zilipendwa. Mwimbaji anamaliza ubeti wa mwisho, solo inanyanyua kichwa, na hapohapo mtangazaji anaingia: "Naaam, hao walikuwa..." Anataja bendi, anasoma salamu za fulani na familia yake, solo inaishia chini ya salamu. Yule mpiga solo pengine alikaa studio siku nzima kwa ajili ya dakika zile. Kizazi kizima kinakua kikidhani dansi ni maneno ya busara yenye muziki pembeni, halafu tunashangaa vijana wanaofanya marudio ya nyimbo hizi wanabakiza kiitikio na kutupa magitaa. Wao wamerudia kile walichosikilizishwa.

Kwa anayetaka kuanza, sina mengi. Gitaa la mtumba linatosha. Kama sauti yako haifiki chini, funga penseli kwa mpira kwenye shingo ya gitaa, nyuzi zote zitapanda, watu wamefanya hivyo miaka na miaka. Kuna programu za simu zinazopunguza mwendo wa wimbo bila kuharibu sauti. Usianze na solo, kila mtu anataka solo. Anza na ridhimu, ambayo hakuna anayekumbuka jina la aliyeipiga. Kaa nayo wiki. Utaanza kusikia kwamba solo yote ile uliyoipenda ilikuwa imeegemea kitu, na hicho kitu ulikuwa hujawahi kukisikia.

Mimi bado niko kwenye duru ya tatu ya "Masanga". Jana mzee amepita tena dirishani, hakusema kitu, ila alisimama kidogo.