Ufundi wa Kuibatiza Timu

Jina la timu ya mpira ni utunzi mfupi mno, kwa kuwa aghalabu halizidi maneno mawili, na bado hutakiwa kuandikwa kwenye fomu ya usajili, kubanwa kwenye kichwa cha habari, kutamkwa na mtangazaji anayekimbizana na mpira redioni, na kupigiwa kelele na maelfu ya watu ambao hawakushauriwa lilipotungwa. Ufundi wa kulitunga haufundishwi popote, wala watunzi wake hawasifiwi kama wanavyosifiwa wafunga mabao, ingawa kazi yao hudumu kuliko bao lolote. Katika ufundi huo mwasisi wa klabu hutunga nusu tu, na nusu ya pili hutungwa jukwaani. Kwa hiyo jina zuri ni lile linalouachia umma nafasi ya kulimalizia, na jina baya ni lile ambalo umma haukupata pa kulishika.

Mfano ulio wazi zaidi ni ule wa Dar es Salaam. Mwaka 1935, chini ya utawala wa Waingereza, vijana wa mjini walianzisha klabu waliyoiita Young Africans, jina lililotangaza ujana na Uafrika kwa lugha ya mtawala mwenyewe, na ambalo kwa hilo tu lilistahili heshima. Hata hivyo, jina hilo halikuwa tayari kwa matumizi ya Kariakoo. Kiswahili hupenda silabi wazi, yaani silabi inayoishia na irabu, na huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Hivyo neno la kwanza likapewa irabu ya kumalizia, la pili likaachwa kwenye katiba ya klabu, na kilichobaki kikawa Yanga. Wako wanaoona kwamba huko ni kuliharibu jina, lakini ukweli ni kwamba hapo ndipo lilipokamilika, kwa sababu neno la silabi mbili lenye mkazo mwanzoni humwezesha mtu mmoja kuanzisha kelele na uwanja mzima kumwitikia kwamba daima mbele, nyuma mwiko.

Watani wao wa jadi walisafiri njia ndefu zaidi. Klabu iliyozaliwa mwaka 1936 ilijulikana kwanza kama Queens, baadaye Eagles, kisha Sunderland, jina la klabu ya Uingereza, mpaka mwaka 1971 ilipoitwa Simba, katika zama ambazo taifa lilikuwa likijivua majina ya kuazima. Sunderland halikuwa jina la aibu, na wazee waliolishangilia walilipenda. Kasoro yake ni kwamba lilikuja na umaarufu wa watu wengine, na kila lilipotajwa lilielekeza macho kwenye mji ambao washabiki wengi wa klabu hiyo, yenye makao mtaa wa Msimbazi, hawakuwahi kuuona. Simba lilikuwa neno ambalo kila mtoto alikuwa nalo tayari, na ni la silabi mbili kama lile la mpinzani wake, jambo ambalo huenda halikukusudiwa na mtu yeyote, lakini limeufanya utani wa timu hizi mbili uwe na mizani. (Jina la kwanza nalo halikufa kabisa, kwani timu ya wanawake ya klabu hiyo leo inaitwa Simba Queens.)

Inafaa kutua kidogo kwenye kichwa cha habari, kwa sababu hapo ndipo jina hupimwa kwa ukali zaidi. Mhariri anayeandika "Simba yaua" anatumia maneno mawili tu, na kiambishi kimoja, yaani ile silabi ndogo inayotangulia kitenzi, kinamwambia msomaji kwamba aliyeua ni klabu na si mnyama wa porini, kwa kuwa simba wa porini angehitaji "aua". Siku inayofuata mhariri huyohuyo anaandika "Mnyama ajeruhiwa", akitumia lakabu, yaani jina la utani au la sifa linaloongezwa juu ya jina rasmi, na papo hapo klabu inageuka kiumbe chenye damu na maumivu. Kwa jina moja, lugha imepata taasisi na imepata mnyama, na mwandishi huchagua anachokitaka kulingana na matokeo ya jioni iliyopita. Jina refu la maneno matatu, hasa likiwa na namba au mwaka ndani yake, halimpi mhariri nafasi hiyo. Atalikata kwa herufi za mwanzo, na herufi haziui wala hazijeruhiwi.

Jina zuri pia hukubali kutukanwa. Yanga ina makao yake Jangwani, kwenye bonde la mto Msimbazi ambalo hujaa maji kila mvua kubwa inaponyesha, na mashabiki wa upande wa pili hawakuhitaji zaidi ya hapo kuwaita Vyura. Nao Yanga, wakikumbuka kwamba simba na paka ni ukoo mmoja, hawakukosa la kujibu. Kejeli hizi hazipaswi kuonwa kama uchafu unaolichafua jina, kwa kuwa ni dalili kwamba jina limeingia katika mazungumzo ya watu na linatumika kama mali yao. Timu ambayo hakuna aliyewahi kujisumbua kuitungia tusi ni timu ambayo hakuna anayeiogopa.

Nje ya Dar es Salaam umma umefanya kazi kubwa zaidi, mara nyingi kwa kuyaokoa majina yaliyoanza bila mvuto. Coastal Union ya Tanga, iliyoanzishwa mwaka 1948, ina jina ambalo lingeweza kuwa la chama cha wafanyakazi wa bandari au la kampuni ya mabasi. Ila mashabiki waliivika lakabu ya Wagosi wa Kaya, maneno ya lugha za mkoa huohuo yanayowataja wanaume wenye mji wao, na ilipotwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1988 walioshangilia hawakuwa wakishangilia muungano wowote wa pwani. Songea hali ilikuwa tofauti, kwa kuwa Majimaji lilikuwa jina kamili tangu mwanzo, likibeba vita vya mwaka 1905 hadi 1907 dhidi ya Wajerumani, ambavyo mji huo ulivilipia kwa damu ya viongozi wake. Ni jina zito ambalo lingeweza kuwalemea wachezaji, lakini umma ukalisawazisha kwa lakabu ya Wanalizombe, inayotokana na ngoma ya huko, hivyo timu ikawa na jina la msiba na jina la furaha kwa pamoja. Kwa maoni ya mwandishi wa insha hii, hakuna klabu nyingine ya Tanzania iliyobatizwa vizuri kuliko hiyo.

Majina ya kampuni hushutumiwa mara nyingi, na shutuma hizo zina ukweli, ingawa si wote. Mtibwa Sugar, mabingwa wa mwaka 1999 na 2000, walibeba jina la kiwanda cha Turiani bila kujificha, lakini kiwanda kina mashamba, mashamba yana watu, na watu hao ndio walioifanya timu iitwe Wakata Miwa. Azam lilikuwa jina la bidhaa lililokwisha kuzoeleka kwenye unga na juisi kabla halijavaliwa na wachezaji wa Chamazi, nalo likaangukia mikononi mwa mashabiki ambao, wakizikumbuka barafu za kampuni hiyo, waliwaita Wanalambalamba, wakageuza tangazo kuwa utani. Mfano mkubwa kuliko yote uko Lubumbashi, mji wa Kongo unaozungumza Kiswahili, ambako klabu iliyoanzishwa na mapadri Wabenedikto mwaka 1939 ilikuja kuitwa Englebert, jina la kampuni ya matairi, na kuongezewa sifa ya Kifaransa ya kuwa na nguvu zote, Tout Puissant. Kwa jina hilo la matairi ilitwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968. Baadaye matairi yakaondolewa, sifa ikabaki, na leo ni TP Mazembe, ambapo herufi mbili za mwanzo zinabeba majivuno ambayo hakuna kampuni iliyoyalipia.

Serikali nazo zimejaribu ufundi huu kwa amri. Nchini Kenya, klabu ya Gor Mahia, iliyoanzishwa mwaka 1968 na kupewa jina la mganga mashuhuri katika simulizi za Waluo, ilijikuta kwenye wimbi la kupiga marufuku majina ya kikabila, ikasajiliwa kwa muda kama Gulf Olympic Rangers, jina ambalo maana yake yote ilikuwa kuhifadhi herufi tatu za G, O na R. Mahasimu wao, waliotokana na jumuiya ya Waluhya, walibaki na herufi za AFC na kuongeza Leopards, yaani chui, na chui huyo akaitwa Ingwe majukwaani, yaani akarudishwa nyumbani kwa lugha ileile iliyokuwa ikikwepwa. Amri ilipitwa na wakati, na kombe la Afrika la washindi wa vikombe la mwaka 1987 limeandikwa kwa jina la Gor Mahia.

Kuhusu timu za taifa hakuna mengi ya kusema, kwa kuwa majina yao hujazwa nyota na mashujaa kwa wingi usiopendeza. Serengeti Boys, timu ya taifa ya vijana ya Tanzania, angalau wana mbuga inayojulikana.

Kosa lisilosameheka katika ufundi huu ni kuhamisha jina kabla umma haujalizoea. Mkoa wa Singida ulikuwa na Singida United iliyoshuka daraja mwaka 2020, kisha Singida Big Stars ya mwaka 2022, iliyogeuzwa Singida Fountain Gate mwaka uliofuata na kubaki Fountain Gate mwaka 2024, mwaka uleule ambao Ihefu, timu ya Mbarali iliyobeba jina la ardhioevu ya huko na iliyozima safari ndefu ya Yanga ya kutofungwa Novemba 2022, ilihamishwa na kuitwa Singida Black Stars. Shabiki wa Singida aliyetunga kejeli au sifa katika miaka hiyo alilazimika kuitupa kila msimu, na yule wa Mbarali aliachwa bila chochote cha kupigia kelele. Wanaonunua timu wana haki ya kununua nafasi kwenye ligi, mikataba ya wachezaji na basi la safari, lakini si jina. Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania lingefanya vyema kuweka kanuni kwamba jina lisihame, libaki kwa mji uliolipa uhai hata kama timu ya mji huo imerudi kucheza ligi ya mkoa.