Mzizi dhā: "weka" ilipatikanaje?

Wanasarufi wa India huuita mzizi wa kitenzi dhātu, na neno hilo lenyewe limetokana na mzizi mmoja wa kitenzi: dhā. Katika Dhātupāṭha, orodha ya mizizi ipatayo 2,000 inayoandamana na sarufi ya Kisanskriti ya Pāṇini, mzizi huo umo katika kundi la 3 kati ya makundi 10. Umeandikwa ḍudhāñ, na maana iliyotajwa ni kutegemeza na kulisha. Herufi za pembeni ni alama za kazi tu, hazitamkwi. Ñ, kwa mfano, huarifu kwamba kitenzi kina minyambuliko miwili: wa tendo kwa ajili ya mwingine na wa tendo kwa faida ya mtendaji mwenyewe.

Kamusi za leo, hata hivyo, huanza na "weka". Kwa nini?

Tazama umbo kwanza. Vitenzi vya kundi la 3 hufanya uradidi: sehemu ya mzizi hunakiliwa na kutangulizwa. Tungetarajia dhadhāti, lakini umbo lililopo ni dadhāti, "anaweka", kwa kuwa kanuni ya Pāṇini inaivua nakala mpumuo wake, yaani dh inakuwa d. Mwaka 1863 Hermann Grassmann alionyesha kwamba Kigiriki nacho kina kanuni ya namna hiyo: "naweka" ni tithēmi, si thithēmi. Ndugu mwingine ni facere ya Kilatini, "fanya". Maana hizi ni jirani, kwa kuwa anayekiweka kitu mahali amekifanya kiwepo.

Umbo la "kilichowekwa" ni gumu zaidi: hita. Pāṇini anaamuru tu kwamba mbele ya -ta, dhā igeuke hi. Jibu ni sahihi, sababu haipo. Lugha ya Veda, Kisanskriti cha kale zaidi, inatoa nusu ya sababu, kwani imehifadhi sudhita, "kilichowekwa vizuri", yenye dh bado: h ya hita ilitokana na dh. Nusu ya pili ilitokana na kazi aliyoianzisha Ferdinand de Saussure mwaka 1879: mzizi ulikuwa na sauti iliyopotea. Vokali ilipokuwapo, sauti hiyo iliirefusha ikawa ā. Vokali ilipodondoka, mabaki yake yakawa i.

Kipimo cha mwisho ni śraddhā, "imani". Śrad haisimami peke yake kama kitenzi, na wengi huihusisha na neno la kale la moyo. Kilatini kina credo, "naamini", chenye muundo uleule. Jaribu kutia "lisha" katika muundo huo, hautoi maana. Tia "weka", na kuamini kunakuwa kuweka moyo kwa mtu. Kwa hiyo kulisha ni tawi lililochipuka baadaye katika Kisanskriti. Orodha ya Pāṇini yatosha kwa anayetaka kuunda neno sahihi. Anayetafuta asili hana budi kuvuka mpaka wa lugha moja.