Uzi na Subira: Kazi za Judith Scott

Mafunzo ya sanaa kwa kawaida huanzia kwa mwalimu: yeye ndiye mwenye kielelezo na ndiye mwenye hukumu. Kazi za Judith Scott (1943–2005), msanii wa nyuzi wa Marekani, zinaupindua mpangilio huo.

Judith alizaliwa Ohio akiwa na sindromu ya Down. Pacha wake, Joyce, hakuwa nayo. Alipofikia miaka saba alitengwa na jamaa zake, akaishi katika taasisi za watu wenye ulemavu wa akili kwa miaka 35. Alihukumiwa kuwa hafundishiki. Kumbe alikuwa kiziwi, na mtihani aliopewa ulikuwa wa maneno.

Joyce alipomtoa huko, alimpeleka mwaka 1987 Creative Growth, kituo cha sanaa cha watu wazima wenye ulemavu kilichoasisiwa California mwaka 1974 na Elias Katz na mkewe, Florence Ludins-Katz. Wanaofundisha humo ni wasanii, na jukumu lao ni kutoa zana, nafasi na muda, bila ya kumshika mtu mkono. Kwa karibu miaka miwili rangi na kalamu hazikumvuta Judith. Kisha akaingia darasa la msanii wa nyuzi Sylvia Seventy. Badala ya kufuata somo, alitwaa vijiti akaanza kuvizongomeza nyuzi, naye akaachwa aendelee. Kuachwa huko ndiko kulikokuwa kufundishwa kwake.

Tangu hapo aliviringa vitu alivyoviokota, kwa sufi, kamba na vitambaa, hata umbo la ndani likapotea machoni. Mazongo hayo si ya ovyo: rangi hupishana kwa mpango, na tabaka la juu huacha la chini lichungulie. Nyuzi zilipokosekana, mwaka 1994, alifunga karatasi za kufutia mikono fundo kwa fundo, akapata umbo lililo imara kama yale ya sufi.

Wahakiki wengi huyasoma maumbo haya kuwa ni kilio cha pacha aliyetenganishwa. Usomaji huo unavutia, hasa maumbo mawili yanapofungwa pamoja, lakini una hatari. Judith hakusema wala kuandika. Anayemsemea kupita kiasi hurudia kosa la wale waliompima kwa maneno. Wapenzi wa ushairi wanalijua hili: fumbo zuri halifumbuliwi likaisha.

Maonyesho ya Brooklyn Museum ya mwaka 2014 yalimpa Judith nafasi ya msanii miongoni mwa wasanii, na hiyo ni haki yake. Ila kwa kijana anayejitolea kuwahudumia watu kama yeye ili ajifunze ualimu wa sanaa, funzo kubwa zaidi limo katika ile miaka miwili iliyoonekana kuwa ya bure. Lau kituo kingedai matokeo mapema, leo kusingekuwa na kazi ya kuhakiki. Na haijulikani ni mikono mingapi mingine, katika taasisi kama zile, ambayo haikungojewa.