Firefox kwa Sura ya GNOME

Ukifungua Firefox kwenye kompyuta ya Linux inayotumia mazingira ya eneo-kazi ya GNOME, utaijua mara moja kuwa ni mgeni. Programu za wenyeji, kama kidhibiti faili, kalenda na kikokotoo, zina upau mmoja mpana juu, vitufe visivyo na mistari ya pembeni na nafasi ya kupumua kila upande. Firefox imepandisha vichupo vyake hadi juu kabisa, na mandhari yake ya giza ina kijivu chenye uzambarau ambacho GNOME hawana. Si kosa la mtu. Mozilla wanatengeneza kivinjari kimoja cha Windows, Mac na Linux, na muundo wa Proton uliokuja na toleo la 89, Juni 2021, ulikusudiwa kufanana kote. GNOME nao walikuwa safarini kwao: mwisho wa mwaka huohuo wakatoa libadwaita 1.0, maktaba inayozipa programu zao sura moja.

Katikati ya hao wawili wapo watu wanaotunza mandhari iitwayo firefox-gnome-theme. Kazi yao ni ya CSS, lugha ileile inayopamba kurasa za wavuti, ila hawa wanapamba kivinjari chenyewe. Inawezekana kwa sababu Firefox huusoma uso wake karibu kama inavyosoma ukurasa: ukiweka faili ya userChrome.css ndani ya folda ya chrome kwenye wasifu wako, itaitii inapowaka. Tangu toleo la 69, mwaka 2019, mlango huo hufungwa mpaka uufungue mwenyewe, na Mozilla hawakuahidi kwamba utakaa milele.

Kazi ya rangi ndiyo nyepesi kuliko zote. Bluu ya GNOME ni #3584e4, dirisha la giza la libadwaita ya mwanzo ni #242424, na msimbo uko wazi, kwa hiyo hakuna kubahatisha. Vipimo navyo vinasomwa humohumo: kitufe cha upauni kina kimo cha pikseli 34, na nafasi kati ya vitu huenda kwa sita sita. Mtu asiye mvumilivu angeishia hapo, akapiga picha ya skrini, akasifiwa.

Mimi navutiwa na yale yasiyoonekana kwenye picha. Fungua madirisha mawili ya GNOME, kisha ubofye moja. Lile uliloliacha linafifia: maandishi ya upau yanapauka pamoja na aikoni, ili jicho lijue dirisha gani linasikiliza kibodi. Kivinjari kilichopakwa rangi tu hubaki kimekodoa macho. Watunzaji hawa wameichukua alama ya CSS ambayo Firefox huitumia kutambua dirisha lisilo na kazi, :-moz-window-inactive, na kuifanya ifikie upau na vichupo. Ni kazi ya fundi cherehani anayepanga maua ya kitenge yakutane kwenye mshono: yakikutana hakuna anayesema kitu, yakipishana nusu inchi kila mtu anauona mshono.

Vichupo vilihitaji uamuzi. Kivinjari cha GNOME wenyewe, kinachoitwa Web, huviweka chini ya upau, hivyo mandhari hii inageuza mpangilio wa Firefox juu chini. Na kama una kichupo kimoja tu, kuna chaguo la kuficha safu nzima. Naona wamefanya vizuri kuliacha liwe chaguo, kwa maana wapo wanaotaka kukiona kichupo hata kikiwa peke yake.

Kuvijua vitu vinavyopambwa nako kuna ustadi wake. Firefox ina kifaa cha kuchungulia kiolesura chake chenyewe. Baada ya kukiruhusu kwenye mipangilio, kinafunguka kwa Ctrl, Alt, Shift na I. Shida ni menyu: ukitaka kuikagua, unabofya pembeni, nayo inajifunga. Kwa bahati, kifaa kina swichi ya kuzizuia menyu zisijifunge, na hapo ndipo unaweza kupima pembe za menyu pikseli kwa pikseli.

Kisha kila kitu kinaanza upya. Firefox hutoka kila wiki nne hivi, GNOME kila miezi sita. Mozilla wakibadilisha jina la sehemu moja ya upau, kanuni iliyoitegemea inakufa kimya, kwa kuwa CSS hailalamiki. Mwaka 2023 Firefox iliachana na mfumo wake mkongwe wa kupanga visanduku ikahamia ule wa CSS uitwao flexbox, na kanuni zilizoandikwa kwa mfumo ule zikahitaji kuandikwa tena. Mwaka uliofuata GNOME 47 ikamruhusu mtumiaji kuchagua rangi kuu, na bluu iliyokuwa imekaririwa haikutosha tena.

Ukitaka kujaribu, fungua about:support, tafuta folda ya wasifu wako, nakili mandhari kwenye folda ya chrome humo, ufungue ule mlango wa userChrome.css, kisha uwashe Firefox upya. Chagua toleo la mandhari linalolingana na toleo la Firefox ulilonalo. Mambo yakiharibika, badilisha jina la folda ya chrome, ufunge kivinjari na kukifungua tena. Kitarudi na sura yake ya awali, na alamisho zako zitakuwa palepale.