Ukinzani na Utenguzi katika Masimulizi ya Ungoni

Kila hadithi inayosimuliwa kwa muda mrefu na watu wengi hupatwa na mambo mawili. La kwanza ni ukinzani, yaani habari mbili zisizoweza kuwa kweli kwa pamoja. La pili ni ile hatua aichukuayo msimulizi wa baadaye ili kuuondoa ukinzani huo: hurudi nyuma, akageuza jambo lililokwisha semwa, kisha akaendelea kana kwamba ndivyo lilivyosemwa tangu mwanzo. Hatua hii ya pili haina jina lililozoeleka katika uhakiki wa Kiswahili. Katika makala haya itaitwa utenguzi, kutokana na kitenzi kutengua, ambacho hutumika kwa hukumu iliyobatilishwa na kwa udhu uliovunjika. Neno lenyewe lafaa kwa kuwa lakumbusha kwamba kitu kilichotenguliwa kilikuwako, tena kilikuwa na nguvu yake.

Katika nchi za kubuni, utenguzi ni jambo la kawaida, nao hauna madhara makubwa. J. R. R. Tolkien, mtunzi wa Kiingereza, alitoa The Hobbit mwaka 1937. Humo kiumbe aitwaye Gollum yu tayari kutoa pete yake iwe zawadi ya mshindi wa mchezo wa vitendawili. Baadaye pete hiyo ilipokuwa msingi wa kitabu kikubwa zaidi, habari hiyo haikuweza kusimama tena, na katika chapa ya mwaka 1951 sura ile iligeuzwa. Walakini Tolkien hakuitupa habari ya kwanza. Aliifanya kuwa uwongo alioutunga Bilbo mwenyewe ili ajionyeshe kuwa mwenye haki juu ya pete. Nao watungaji wa michezo ya kompyuta ya The Elder Scrolls walitoa mwaka 1996 mchezo wenye miisho kadhaa inayopingana. Walipotaka kuiendeleza hadithi, walitangaza kwamba miisho yote ilitukia kwa wakati mmoja, kwa kuwa zama zenyewe zilivurugika. Wapenzi wa michezo hiyo hubishana sana juu ya mambo haya, na ubishi wao una maana, maana wanadai kwamba aliyewaomba waisadiki nchi yake aiheshimu sadaka hiyo ya akili. Lakini hakuna kaburi katika nchi ya kubuni. Atenguaye habari humo hamnyang'anyi marehemu yeyote jina lake.

Ungoni ni mahali pengine kabisa. Masimulizi ya Wangoni wa Songea yana safari ndefu, mito iliyovukwa kwa ajabu, jua lililozimika mchana, dawa ya kugeuza risasi kuwa maji na mashujaa walioyakabili mauti bila kutetemeka. Kwa umbo lake yafanana na hadithi za kubuni, hata mhakiki aweza kushawishika kuyasoma kama hadithi hizo. Lakini watu wake waliishi, na baadhi ya makaburi yao yanajulikana. Kijiji cha Maposeni, karibu na Peramiho, ndipo palipokuwa makao ya Nkosi Mputa Gama, mtawala wa Wangoni wa Njelu wakati wa Vita vya Maji Maji. Kwa hiyo Maposeni ni mahali pafaapo kusimama mtu atakaye kuutazama utenguzi na kuupima.

Yafaa kuanza na jambo linaloonyesha kwamba lenye sura ya ajabu si lazima liwe la uwongo. Wasimulizi wa Kingoni husema kwamba Zwangendaba na watu wake walipouvuka mto Zambezi, jua lilitiwa giza. Wenye elimu ya nyota wamehesabu na kukuta kwamba jua lilipatwa tarehe 20 Novemba 1835, na tarehe hiyo imekuwa nguzo ya kupangia miaka ya safari nzima hadi kifo cha Zwangendaba huko Ufipa. Hapa simulizi limethibitika kwa ushahidi wa nje. Lakini nguzo hiyo hiyo imezaa kosa. Jamaa ya Maseko, ambao nao waliitwa Wangoni, nao walifika Songea, waliuvuka mto huo kwa njia yao wenyewe. Masimulizi ya baadaye yanapoweka mvuko mmoja, giza moja na kiongozi mmoja kwa Wangoni wote, yanatengua safari ya Maseko ili safari ya wenzao ipate kunyooka.

Majina nayo huongeza mtego. Katika habari za Ungoni wamo watawala wawili waitwao Mputa. Mputa Maseko ndiye aliyekuwa mkubwa wa nchi kabla ya jamaa ya Gama kuushika utawala, naye aliuawa katika ugomvi wa makundi hayo. Watu wake walihamia kusini, upande wa Nyasa. Mputa Gama ni mtu wa kizazi kingine, naye alinyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Msimulizi asiyejali ukoo huchukua ushujaa wa mmoja akamvika mwingine, na msikilizaji wa mbali hana njia ya kulitambua kosa. Huu si utenguzi kamili, maana hakuna aliyekusudia kugeuza kitu, lakini ndio mlango unaoingiza utenguzi: wakiisha kuunganishwa wawili kuwa mmoja, msimulizi anayefuata hana budi kuzua sababu ya mtu mmoja kufa mara mbili.

Ushahidi ulio karibu zaidi na wanalugha ni lugha yenyewe. Masimulizi ya asili husema kwamba Wangoni walitoka kusini, nchi ya Wanguni, na jambo hilo ni kweli kwa habari ya wale walioongoza. Lakini Kingoni cha Songea si lugha ya Wanguni. Kwa sarufi na kwa sehemu kubwa ya msamiati, ni lugha ya kusini mwa Tanzania, ndugu ya lugha za majirani zake. Vyeo kama vile nkosi na nduna vilikuja na watawala. Usemi wa kila siku ulibaki kuwa wa akina mama na wa watu waliotiwa chini ya utawala huo, Wandendeule miongoni mwao. Wengi wa mababu wa watu wajiitao Wangoni hawakuuvuka Zambezi kamwe. Walikutwa Songea, au walichukuliwa njiani, kisha wakaipokea hadithi ya safari kuwa yao. Hilo ndilo tengo kubwa kuliko yote katika masimulizi ya Ungoni, nalo halikuandikwa na mtu. Lugha imehifadhi hadithi ya pili ambayo midomo imeiacha.

Tukio lililo zito kuliko yote ni lile la nduna Songea Mbano. Katika utawala wa Njelu, nkosi alikuwa Mputa. Katika utawala wa Mshope, nkosi alikuwa Shabruma, ambaye vita viliposhindwa alikimbilia ng'ambo ya Ruvuma. Songea alikuwa nduna wa Njelu, mtu mwenye nguvu nyingi, lakini chini ya nkosi. Hata hivyo, katika masimulizi ya leo Songea ndiye anayetangulia, na mara nyingi huitwa chifu wa Wangoni, huku Mputa akitajwa kwa kupita. Sababu yake si siri. Wajerumani walipojenga boma lao mwaka 1897, walilijenga katika sehemu ya Songea, na boma likaitwa kwa jina lake. Boma likawa mji, mji ukawa makao makuu ya wilaya na hatimaye ya mkoa. Kila kizazi kilichozaliwa baadaye kilikuta jina kubwa katika ramani, kikatafuta shujaa mkubwa wa kulijaza. Hivyo watawala wale wale waliomnyonga mtu ndio walioliweka jina lake mahali ambapo haliwezi kusahauliwa, na jina la Maposeni likabaki la kijiji.

Siku ya kunyongwa yasimuliwa kwa namna zaidi ya moja. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi na wapiganaji wengi wa Kingoni walinyongwa Songea, Mputa akiwamo, nao wakazikwa katika kaburi moja. Idadi hutajwa kuwa 66 au 67, na wengine hutaja zaidi. Simulizi moja humweka Songea pamoja na wenzake siku hiyo. Simulizi jingine, ambalo ndilo lenye nguvu leo, husema kwamba Wajerumani walitaka kumwacha hai, naye akakataa kuishi baada ya wenzake, akanyongwa siku chache baadaye na kuzikwa peke yake. Na kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa, akaahidi kwamba nchi yake itasaidia kukitafuta kichwa hicho.

Hapa mhakiki anakutana na mzigo ambao msomaji wa Tolkien hana. Kama simulizi la pili ni kweli, basi kuna mabaki ya mtu yanayotakiwa kurudishwa kwa ukoo wake. Msimulizi atakayeyachanganya masimulizi mawili ili hadithi ipendeze zaidi, akaongeza maneno ya mwisho ya shujaa na machozi ya askari waliomnyonga, atakuwa ameharibu ushahidi unaohitajiwa. Kwa upande wa pili, mhakiki atakayelifuta simulizi la pili kwa sababu tu lina sura ya utenzi wa mashujaa atakuwa amefanya dhuluma ile ile kwa njia nyingine. Giza la Zambezi nalo lilikuwa na sura ya ajabu.

Utenguzi wa aina nyingine ulikuja kutoka nje ya Ungoni. Abdul Karim bin Jamaliddini, ambaye utenzi wake wa Vita vya Maji Maji ulitolewa mwaka 1957 pamoja na jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, aliitazama vita kwa jicho la mtu wa Lindi, na wapiganaji wa bara kwake hawakuwa taifa moja lenye shabaha moja. Mwaka 1956 Julius Nyerere aliitaja vita hiyo katika Umoja wa Mataifa, wakati wa kudai uhuru, na kuanzia hapo ikasimuliwa kuwa mwanzo wa umoja wa Watanganyika. Umoja huo una ukweli wake: maji yaliyotoka Ngarambe kwa Kinjikitile Ngwale yalivuka mipaka ya makabila ambayo hakuna silaha iliyokuwa imeivuka, na Ungoni yalifikishwa na mganga aitwaye Kinjala. Lakini O. B. Mapunda na G. P. Mpangara, katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 1969, walionyesha kwamba Ungoni watawala ndio waliotangulia vitani, wakiwa na malalamiko ya watawala walionyang'anywa mamlaka, na kwamba waliotawaliwa nao hawakuwa wote na ari moja. Anayeisimulia Maposeni kama alivyoisimulia Matumbi ameutengua utawala wa Kingoni pamoja na watu waliokuwa chini yake.

Katika haya yote, mfano mwema umetolewa na mtunzi wa tamthilia. Ebrahim Hussein alipotoa Kinjeketile mwaka 1969, alihitaji mtu anayeishuku dawa yake mwenyewe, na mwishoni anayekataa kutamka kwamba maji ni uwongo kwa kuwa ajua vizazi vijavyo vitakavyolipokea neno hilo. Historia haikumpa mtu huyo. Ilimpa Kinjikitile aliyenyongwa Mohoro mapema katika vita, mwezi Agosti 1905. Hussein alitengua waziwazi. Alisema katika utangulizi kwamba mtu wake si picha ya yule wa historia, na jina lenyewe limeandikwa kwa irabu nyingine. Kwa irabu hiyo moja msomaji hupewa haki yake: ajua mahali historia ilipokomea na mahali ubunifu ulipoanza.

Wapo watakaosema kwamba fasihi simulizi haina nakala ya kwanza, kwamba kila msimulizi huitunga upya, na kwa hiyo neno utenguzi halina mahali humo. Hoja hii ina nguvu kwa ngano za sungura na fisi, ambazo hakuna anayezidai. Haina nguvu kwa masimulizi ya ukoo. Ukoo wa Gama na ukoo wa Mbano hawaichukulii habari ya mababu zao kuwa mali ya kila mwenye ulimi. Wao wana nakala ya kwanza, ijapokuwa haikuandikwa: ni kile alichokiona yule aliyekuwapo. Tena mtu wa ukoo huweza kusema, "Baba alisema hivi, nami nimesikia vingine." Kauli hiyo fupi ni uhakiki kamili, kwa sababu inalitunza neno la kwanza huku ikiliruhusu la pili.

Kazi ya mhariri wa masimulizi ya Ungoni, basi, si kuyapatanisha. Padri Elzear Ebner wa Peramiho, ambaye kitabu chake cha historia ya Wangoni kilichapishwa mwaka 1987, pamoja na watafiti waliomtangulia na waliomfuata, wameacha akiba kubwa. Kinachohitajiwa sasa ni toleo la Kiswahili litakaloweka kila simulizi pamoja na msimulizi wake, mahali pake na mwaka wake. Litakaloweka Mputa wawili mbali, mvuko miwili mbali, na vifo viwili vya Songea kando kwa kando hadi ushahidi utakapoamua. Toleo la namna hiyo halitasomeka kwa ulaini wa utenzi. Lakini siku mabaki yatakaporudishwa Songea, watu wa ukoo watataka kujua ni nani aliyesema nini, na kwa nani, kabla ya kulifukia kaburi mara ya pili.